Bastola haijui mheshimiwa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mashindano ya kulenga shabaha, mchezo ninaousimamia kwa kujitolea wikendi nyingi.

Miezi michache iliyopita tulikuwa na shindano nje kidogo ya Nairobi. Ulipofika wakati wa chai, watu wakaketi chini ya hema, sambusa zikaanza kupita. Mgeni wa heshima, mtu mwenye cheo chake, akaulizwa na jirani yake anabeba bastola ya aina gani. Akaichomoa kiunoni. Akatoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, akailaza mezani kando ya kikombe, kisha akampa jirani bastola. "Shika tu, haina kitu." Jirani akaigeuzageuza, na mdomo wa bastola ukapita kifuani pa kijana aliyekuwa akimimina chai. Nikaiomba kwa adabu, nikatoka nayo hadi kwenye tuta la udongo, nikavuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma na mbele. Risasi moja ikaruka, ikadondoka kwenye nyasi.

Kosa hilo ni la kawaida mno. Anayebeba bastola ya kujilinda mara nyingi huwa na risasi moja tayari ndani ya chemba, pale inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, na zilizobaki ziko kwenye magazini. Ukitoa magazini, ile ya chemba haiendi popote, na bastola nyingi hufyatuka hata zikiwa hazina magazini. Wengine hufanya kinyume: huvuta slaidi kwanza, risasi ikatoka, slaidi ikirudi inasukuma nyingine ndani, ndipo wanatoa magazini na kujiona salama. Mpangilio ni mmoja tu. Magazini kwanza, kisha slaidi, kisha jicho lako ndani ya chemba, na kama ni gizagiza, kidole kidogo kipapase.

Yote hayo mgeni wetu aliyajua. Ndiyo maana sheria za mashindano hazitegemei mtu anajua nini. Chini ya kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa kasi lililoanzishwa mwaka 1976, uwanja huwa "baridi": hakuna silaha yenye risasi mpaka msimamizi akuamuru ujaze, ukiwa umesimama mstarini, na yeye yuko begani pako. Ukimaliza unatoa risasi na kumwonyesha chemba. Ukitaka kuisafisha au kuijaribu, iko meza ya usalama inayotazama tuta, na hapo hata risasi ya maonyesho hairuhusiwi mkononi. Bastola yako ikianguka ukiwa nje ya zamu, huiokoti wewe. Unaiacha palepale, unamwita msimamizi. Mgeni huona huo ni utoto, lakini vidole vinavyodaka kitu kinachoanguka hukamata chochote, hata kifyatulio.

Asubuhi ya siku ileile tulikuwa tumemwondoa mshiriki mmoja, dada aliyeshiriki kwa mara ya pili tu, kwa sababu bastola ilimponyoka katikati ya zamu yake. Haikufyatuka. Alikubali, akafunga mkoba wake, akakaa akiwashangilia wenzake hadi jioni. Mchana, baada ya ile risasi kuruka nyasini, mwandalizi alinivuta kando. "Huyu ni mgeni wetu, bwana. Tuyaache." Nami nikayaacha. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa. Humkemei mzee mbele za watu, na afande huambiwi umuulize chemba yake ina nini. Nyumbani hiyo ni tabia njema. Uwanjani ndiyo upenyo ambamo risasi itapita siku moja, maana mstarini kila mtu yuko macho, lakini kwenye hema na maegesho ya magari tunaoneana haya.

Na wabobezi hukosea pia. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza fainali ya bunduki ya mita 50, akibakiwa na risasi moja. Akaipiga vizuri, ila kwenye shabaha ya jirani yake. Akaandikiwa sifuri, akashuka hadi nafasi ya nane. Siku mbili kabla alikuwa amevaa dhahabu. Hakuna mwamuzi aliyemwonea huruma kwa sababu ya medali yake.

Ninachowaomba waandalizi si kigumu. Pawe na meza, na ndoo ya mchanga ya kuelekezea mdomo wa silaha, mahali pa kuingilia, na kila anayefika na silaha yenye risasi, awe mshiriki, mlinzi wa mheshimiwa au mheshimiwa mwenyewe, atoe risasi hapo mbele ya msimamizi kabla hajapewa hata maji. Wageni wasomewe sheria kwa Kiswahili, kwa kuwa amri zetu za Kiingereza wanaozielewa ni wale waliokwisha kuzizoea. Kijana wa chai naye apewe miwani: vipande vya risasi iliyogonga shabaha ya chuma hurudi nyuma, na havichagui waliolipia kiingilio.

Na uamuzi wa msimamizi usipitie kwa mwandalizi kwanza. Nimewaandikia wale wa shindano letu lijalo kwamba nitasimamia kwa sharti hilo moja. Mpaka leo hawajanijibu, ingawa ratiba wameshanitumia.

Msimamizi wa kujitolea,
Nairobi