Wahusika waovu: someni kabla ya kikao

Habari zenu. Mnaotaka kucheza wahusika waovu kwenye mchezo wetu wa mezani, ule wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, mimi msimamizi wa mchezo nasema ruhusa ipo, ila kwa masharti.

Mwovu anayeshika sheria na mwovu anayejali nafsi yake tu nawapokea. Mwovu wa vurugu hapana, kwa sasa. Kwa kawaida huchezwa kama mwehu anayechoma kijiji bila sababu, kisha kikao kizima kinaishia kukimbizana na askari.

Kabla ya kujaza karatasi ya mhusika (ile ya sifa na uwezo wake), niandikie inbox: mhusika wako anataka nini, na kwa nini hawezi kukipata bila wenzake? Hilo la pili ndilo huwashinda wengi. "Nalipwa" haitoshi, maana hazina ikishagawanywa, sababu imekwisha. Afadhali hivi: mchawi ana laana, na kasisi wa kundi ndiye pekee anayeweza kuituliza kila mwezi unapoandama. Huyo atamlinda kasisi kufa na kupona, hata kama jioni hiyohiyo anamtilia gavana sumu.

Kuibiana, kupigana au kurogana ndani ya kundi: dadu hairushwi mpaka mchezaji anayetendewa akubali. Akikataa, tendo halikutokea. Na tafadhali, "mhusika wangu ndivyo alivyo" si utetezi, umemuunda mwenyewe.

Mateso tunayaruka, tunaenda moja kwa moja kwenye matokeo. Unyanyasaji wa kingono haumo kabisa. Kama kuna jambo jingine hutaki kulisikia mezani, nitumie faragha. Nitalitangaza bila kumtaja aliyeomba.