Mimi ningeichukua MS

Tanga

Ndugu yangu Masoud,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetukalia kichwani wiki nzima. Barua yako nimeipata, na naanzia pale uliponichokoza: eti katika ukoo mzima wa MiG-23, ndege za kivita za Kisovieti, ile MS, toleo la kuuziwa nchi za nje, ni bati la kuuziwa wajinga, na hata ungepewa bure usingeichukua. Mimi ningeichukua.

Kuna mambo sikubishii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Moscow haikuwa tayari kuwapa Waarabu rada ya Sapfir-23 wala makombora ya R-23, vitu vilivyokuwa kwenye MiG-23M ya jeshi lao wenyewe. Wakachukua mwili ule ule, wakautia RP-22, rada ya MiG-21, pamoja na makombora ya R-3S yanayofuata joto. Ndiyo maana MS ina pua fupi, na chini ya pua hakuna kile kifaa cha kunusa joto la adui. Misri, Syria, Iraq na Libya zikapokea ndege ya kizazi kipya yenye macho ya kizazi kilichopita. Hasira yao naielewa.

Lakini wewe unaitazama pua tu. Nenda nyuma, kwenye injini. Injini yake, R-29, rubani akiwasha moto wa nyuma (mafuta ya ziada yanayochomwa kwenye bomba la kutolea gesi), inasukuma kilo 12,500 hivi. Hiyo ni karibu mara mbili ya injini ya MiG-21MF. Sasa rudisha mbawa, maana zinasogea mbele na nyuma, hadi nyuzi 72 halafu ushuke chini karibu na ardhi: ndege inakwenda kilomita 1,350 kwa saa, na huko chini hewa ni nzito, ndege nyingi zenye sifa kubwa kuliko yake zinatweta. Juu inafika Mach 2.35, yaani mara 2.35 ya kasi ya sauti. Na tumboni imebeba zaidi ya lita 4,000 za mafuta, jambo ambalo rubani aliyezoea MiG-21, anayekodolea macho geji tangu anaacha ardhi, angelishukuru kabla ya jingine lolote.

Ushahidi mzuri umetoka kwa maadui. Misri ilipogombana na Warusi, baadhi ya ndege zake zilifika Marekani, na kikosi cha 4477 cha jeshi la anga la huko kikazirusha kwa siri kule Tonopah, Nevada, katika Constant Peg, mpango wa kuwafunza marubani wao kupambana na ndege za Kisovieti. Siri hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 2006. Marubani wale waliipenda MiG-21. Hii 23 waliichukia, wengine waliiogopa waziwazi. Hata hivyo walikiri kwamba kwa kuchomoka haina mchezo: ukiiacha ikunyooshee mgongo, huipati tena. Mtu anayekuchukia akikusifu, sifa hiyo huwa na uzito.

Tatizo ni kwamba watu waliipima kwa kukata kona. Kwa kona MS ni mbovu, nakubali, na ukiilazimisha inakutupa. Yenyewe ilitaka upite kwa kasi, upige, uondoke bila kugeuka nyuma. Rubani aliyetoka kwenye MiG-21 aliingia nayo vitani akafanya yale aliyoyazoea, akaangushwa, kisha lawama ikabebeshwa ndege.

Utanijibu kwa Bekaa, lile bonde la Lebanon ambako Waisraeli waliangusha ndege nyingi za Wasyria, Juni 1982. Haya, tuitazame Bekaa. Wasyria walikuwa na MS, ndiyo, lakini walikuwa pia na MiG-23MF, toleo jingine la ukoo huu, yenye Sapfir na R-23 kamili. Nazo zilianguka. Waisraeli walikuwa na E-2C, ndege za rada, angani zikiwaelekeza marubani wao, walivuruga mawasiliano ya Wasyria, na walikuwa na ndege za kivita za Kimarekani, F-15 na F-16. Rada bora ya kwenye pua haikumwokoa mwenye MF, basi kwa nini ukosefu wake uwe ndio hukumu nzima ya MS?

Halafu kuna miguu, ambayo hakuna anayeizungumzia. Warusi walitaka ndege inayoweza kupaa kutoka njia fupi. Mwaka 1967 walijaribu mbili: moja ilibeba injini za ziada za kuinyanyua, nyingine ilikuwa na mbawa za kukunjuka. Ya mbawa ikashinda, na MS ikarithi yote: mbawa zinazofunguka hadi nyuzi 16 wakati wa kutua, magurudumu mazito ya kuvumilia viwanja vibovu, hata lile pezi la chini linalojikunja magurudumu yakitoka lisije likakwaruza ardhi. Kwa nchi ambayo uwanja wake unaweza kupigwa mabomu alfajiri, hicho ni kitu kikubwa kuliko kombora moja zaidi. Na ile RP-22 unayoicheka, mafundi wa nchi hizo walishaijua kutoka kwenye MiG-21. Asubuhi ndege inakuwa tayari, haimsubiri mtaalamu kutoka Urusi.

Tabia ya mwili wake niliiamini niliposoma kisa cha Julai 4, 1989. Ilikuwa M, si MS, lakini mwili ni ule ule. Huko Poland rubani Nikolai Skuridin alidhani injini imekufa mara tu baada ya kupaa, akajirusha. Injini ikarudi. Ndege ikaenda peke yake, bila mtu, kilomita 900 hivi hadi Ubelgiji, mafuta yakaisha, ikaangukia nyumba na kumuua kijana mmoja. Kisa cha kusikitisha mno, na sikitaji kama sifa. Lakini chombo kinachoshika njia namna hiyo bila mkono wa mtu si bati.

Cha kuniogopesha mimi ni kasi yake yenyewe. Jenerali Robert Bond wa Marekani alifia kwenye MiG-23 Aprili 1984, Nevada, ndege ilipomponyoka akiwa kasi kubwa. Kwa hiyo ningeichukua MS, ila ningeanza na mwalimu mkali.

Kama utabisha, bisha kwa injini na magurudumu, pua tumemaliza. Msalimie sana shemeji na watoto.

Wako,
Idd