Risala ya Kikundi cha Wauza Mitumba kwa Mgeni Rasmi, Sherehe ya Kutimiza Miaka Mitano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa dini, wanakikundi na majirani zetu mama lishe; itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako na kufika. Wageni rasmi watatu waliokutangulia walifika pia, nao tunawashukuru.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza mwaka 2021, wamachinga tulipopangwa upya tukaletwa kwenye uwanja huu. Tulikuwa 11, leo tupo 46. Wengi wetu ni watoto wa wakulima wa pamba wa Simiyu na Shinyanga. Tumekua tukipalilia, tukipiga dawa ya wadudu, tukichuma, kisha tukikaa na wazazi wetu kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kusubiri malipo. Kwa hiyo tukisema tupo kwenye sekta ya pamba tangu utotoni, hatutanii.

Tunaeleza haya kwa sababu wapo wanaosema tunauza takataka za Wazungu. Kilo tatu za pamba ya shambani zikipita kwenye kinu hutoa kama kilo moja ya pamba nyuzi. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu za kukamuliwa mafuta. Nyuzi zenyewe nyingi hazisokotwi hapa nchini. Hupakiwa melini Dar es Salaam kwenda Asia, zikawa uzi, zikawa fulana, fulana ikauzwa Ulaya, ikavaliwa msimu mmoja, ikatolewa sadaka, ikachambuliwa ghalani, ikabanwa kwenye belo la kilo 45 na kurudi bandari ileile. Mwezi uliopita mwenzetu alifungua belo la fulana mbele ya baba yake, mkulima wa Bariadi. Moja ilikuwa na lebo ya Bangladesh, pamba asilimia 100. Mzee akaipapasa, akaivuta kidogo, akasema, "Hii naijua." Hatuna ushahidi, lakini hakuna aliyembishia.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe taratibu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, nchi zikalegeza isipokuwa Rwanda, ambayo mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hatupingi viwanda vya nyumbani. Siku viwanda vya nguo vya Mwanza na Musoma vitakaponguruma kama zamani, tutakuwa wa kwanza kupanga foleni getini. Hadi hapo tunauza kilichopo.

Mafanikio yetu ni mengi. Tuna mfuko wa kukopeshana ambao haujawahi kukauka, isipokuwa Januari. Tumeanzisha kitengo cha ushonaji na ubunifu, chenye cherehani mbili, moja ikiwa kwenye matengenezo. Ushuru tunalipa kila siku, na risiti hutoka kwenye mashine papo hapo, hata mvua ikinyesha.

Mheshimiwa, hiyo mvua ndiyo iliyotufanya tukualike.

Belo hufunguliwa alfajiri. Mteja wa kwanza kuchagua hulipa bei nzuri, shati zuri la pamba hufika 8,000, na mtaji hurudi kabla ya saa nne. Mvua ikishuka saa mbili, hesabu imeharibika. Nguo za nailoni ukizikung'uta zinakauka. Pamba hunywa maji, ikayashika. Siku ya pili inanuka uvundo, siku ya tatu vidoa vyeusi vya kuvu vimeota kwenye kola, na hata jiki haivitoi. Shati lile la 8,000 unalipigia kelele ya "jero, jero, chagua mwenyewe", na likishindikana linakwenda gereji kuwa dekio. Machi iliyopita mwanachama mmoja alilowekewa belo zima alilolinunua kwa mkopo wa kikundi. Bado analipa.

Tunachoomba ni paa.

Mgeni wetu wa kwanza alisema paa ni jambo dogo, tumpe miezi mitatu. Wa pili alikuja na futi kamba, akapima upande mmoja, tukapigwa picha, futi kamba ikarudi kwenye gari. Wa tatu aliahidi mabati 60 kwa kipaza sauti, akina mama wakapiga vigelegele. Katibu wetu amefuatilia ahadi hiyo kwa utii mkubwa, hadi mlinzi wa getini anamwita kwa jina la utani, "Mabati". Tunaambiwa suala lipo kwenye mchakato, nasi tunauheshimu sana mchakato.

Kwa kuamini ahadi ile tulichangishana tukasimamisha nguzo 24. Ndizo hizo nyuma yako, Mheshimiwa. Kwa sasa zinafungiwa mbuzi.

Fundi wetu amekadiria mabati 140 ya geji 28, mbao za kenchi na misumari. Mchanga, mawe na nguvukazi ni juu yetu. Tunaomba, kwa heshima zote, ahadi ya leo itajwe pamoja na tarehe, na isainiwe kwenye daftari ambalo mhazini atakuletea pamoja na kalamu. Usitufikirie vibaya, ni utaratibu mpya wa kikundi.

Yapo maombi mengine, kama choo na taa, ila tumeyaacha kwa makusudi ili lisisahaulike hili moja.

Mwisho, tunaomba radhi kwa meza kuu kuwekwa chini ya turubai. Tumelikodi hadi saa kumi, na kule ziwani kumeshaanza kuwa kweusi.

Tunaomba kuwasilisha.