Wa Boston anapewa maiki, wa Saudi anachekwa

Mhariri,

Disemba inakaribia na najua venye itakuwa huku kwetu, watu wa majuu watashuka hapo uwanja wa ndege wa Kisumu na masanduku yao, na kabla wiki iishe tutakuwa tushaanza kuwaigiza venye wanaongea. Mimi niko na saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, kazi yangu nyingi ni kujazia watu fomu za pasipoti na za kazi za nje, kwa hivyo hao watu nawaona wakienda na nawaona wakirudi. Kuna kitu kinanikera na leo wacha niseme.

Jamaa akirudi kutoka Boston ama Minnesota anaongea kwa mapua, tunanong'onezana tu huko nyuma ati anatweng, lakini mbele yake tunatabasamu, kwa matanga anakalishwa kwa tenti ya wageni na maiki anapewa hata kama hakuomba. Sasa msichana wa Ahero amalize kontrakti yake Riyadh, arudi akimharakisha mtu wa boda na "yalla", asahau aseme "khalas" mahali angesema basi, huyo atachekwa stejini, sokoni, mpaka kanisani. Ati shagala, yaani kijakazi wa Waarabu, amerudi. Ati Mwarabu wa Nyando. Na ukiangalia vizuri ni kitu ileile imewafanyikia wote wawili, mmoja ameishi na Wamarekani na mwingine ameishi na mama mwenye nyumba anayempigia kelele kwa Kiarabu kuanzia alfajiri, na mtu akishinda jikoni si lazima anuke moshi? Tofauti yao ni dola tu.

Halafu kuna hii maneno ya "hakuna mtu anaweza kubadilika ulimi, hiyo ni maringo." Si kweli. Kuna mtafiti anaitwa James Flege, mwaka wa 1987 alitoa utafiti wake kuhusu wanawake Wafaransa waliokuwa wameishi Chicago miaka mingi, akapima venye wanatamka t wakiongea Kifaransa, lugha yao wenyewe ya kuzaliwa, akapata hiyo t imeanza kutoka na pumzi nyingi kushinda ya Wafaransa waliobaki nyumbani, imeenda upande wa Wamarekani. Hakuna mtu aliwaambia wafanye hivyo. Mimi niliposoma hiyo nikakumbuka binamu yangu wa Dallas, akihesabu pesa kwa Kiswahili akifika "tatu" unaskia kabisa hewa imetoka, tuh, na yeye mwenyewe haskii, ukimwambia anakataa mpaka anakasirika.

Na wale wanauliza miaka miwili tu ndio mtu abadilike, 2019 kulitoka utafiti mwingine wa watu kumi na moja waliokaa pamoja msimu wa baridi kwa kituo cha Waingereza huko Antarctica, miezi tu, wengine Waingereza na wengine wa nchi zingine, wakarekodiwa, na sauti zao zikaanza kusongeana. Kidogo sana, sikio la kawaida haliwezi kushika, ni mashine ndio ilishika, lakini zilisonga. Sasa yule wa Riyadh ambaye hana hata mtu mmoja wa kuongea naye Dholuo isipokuwa kwa simu usiku, tena akikubaliwa simu?

Sisemi hakuna wa bandia. Wako, tena wengi, wengine hata mpaka wa Busia hawajawahi vuka na wanaongea kama wamezaliwa Atlanta. Mimi huwajua hivi: wa bandia anatweng kwa Kizungu peke yake, akirudi kwa Kiswahili ni mtu wa Nyalenda kama mimi na wewe. Yule wa ukweli imeingia mahali hataki iingie. Kuna dani mmoja, yaani nyanya mzee, hukuja hapa kwangu Jumapili nimpigie video kwa binti yake wa Marekani, binti anaongea Dholuo safi, maneno yote yako, lakini mwisho wa sentensi sauti inapanda kama anauliza swali, na katikati anasimama anatafuta jina la kitu kama kinu ama ungo. Dani anacheka anamwambia nyathina, yaani mwanangu, hebu ongea pole pole nikuskie. Huyo binti anaringa na nani hapo? Na mamake?

Sasa niwaambie kitu nimeona hapa saiba juzi. Msichana wa kwenda Saudi mara ya kwanza aliletewa sauti kwa WhatsApp na huyo mama ataenda kumfanyia kazi, yote Kiarabu, ejenti hashiki simu, na tikiti ni ya wiki hiyo. Tukacheza hiyo sauti watu wote wa saiba wanaangaliana. Kulikuwa na dada ameketi hapo nje anangoja kuprintiwa, ndiye huyo vijana wa stejini huita shagala, akaingia akaomba simu, akasikiliza mara moja. Akasema, anauliza kama umewahi shika mtoto mchanga, anasema watu kwa nyumba ni tisa, na siku ya kupumzika hajataja, umuulize kabla uende. Akamrekodia jibu kwa Kiarabu papo hapo, akalipa shilingi zake za kuprinti akaenda zake. Hakuna shule alifunzwa hiyo lugha, hana cheti, aliipata kwa kuamrishwa, na hapa kwetu ilikuwa inachekwa tu.

Wa Boston na yeye tumwache aongee na mapua yake, sina shida naye, amekuwa akilea wazee wa wenyewe huko na mzee hasikii vizuri, lazima utamke venye amezoea.

Ombi langu ni kwa maemsii wa matanga na harusi, kuanzia Kisumu mpaka Vihiga. Disemba hii mkiona mtu wa Saudi ama Doha kwa kikao, mpeeni maiki pia. Na mkimpa msimwambie atusalimie kwa Kiarabu ndio watu wacheke.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu