Salamu za Idi 1445 kutoka Ngamiani, Tanga

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mashangazi na wajomba, majirani, nanyi ndugu zetu mlioko Dar, Mombasa, Maskati na kwingineko: Idi Mubarak. Minal aidina wal faizina. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, na atufikishe mwakani tukiwa wazima wa afya na imani. Amin.

Ramadhani hii tumeipokea na ughali. Mvua za El Niño ziliwatoa wakata miwa mashambani, viwanda vikasimama, na mwanzoni mwa mwaka 2024 kilo ya sukari ikafika shilingi 4,000 na kupindukia. Bei elekezi ikatangazwa, dukani hatukuiona. Kuna nyumba mtaani kwetu zimefuturu uji mtupu. Hata hivyo sahani za futari hazikuacha kuvuka barabara, kaimati kwa huyu, tambi kwa yule, na kwa hilo namshukuru Mungu sana, maana siku hizi tumeanza kuhesabiana.

Nyumbani kwetu hii ni Idi ya kwanza bila mama. Alitutoka mwezi wa Rajabu. Usiku wa kuamkia Idi yeye ndiye aliyekuwa akipima zakatul fitri, sadaka ya chakula itolewayo kwa kila kichwa cha nyumba. Anaketi mkekani uani, anamwaga mchele kwenye pishi mpaka unafurika, kisha anamwita mjukuu mdogo kuliko wote aje ausawazishe kwa kiganja. Punje zinazomwagika harudishi guniani, anazitia kwenye mfuko wa anayepelekewa. Jana pishi ile nimeishika mimi. Nimepima kichwa kwa kichwa mpaka nikamaliza, kumbe na cha mama nimekipima. Mchele ule umekwenda pamoja na mwingine.

Leo baada ya swala nimewatazama watoto wakipita nyumba kwa nyumba kudai zawadi zao za sikukuu. Wawili juzi walirushiana mawe kwa ajili ya gololi. Leo wanapokezana kikombe kimoja cha juisi ya ukwaju. Nani asiyeutamani moyo ule? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani usafi wa asili, na kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Sisi wakubwa tunayo madaftari vifuani: nani hakuja msibani, nani alikula fungu la urithi, nani alisogeza ukuta usiku.

Lakini ndugu zangu, utoto haurudi, wala hatukuamrishwa tuurudie. Baba yetu Adamu alipoteremshwa hakuonyeshwa njia ya kurudi katika kutojua. Alifundishwa maneno ya toba, akayasema, akasamehewa, akaanza kuishi ardhini. Usafi wa mtoto ni zawadi, hakuutolea jasho. Aliyedhulumiwa akajua amedhulumiwa, anaikumbuka siku na kiasi na mashahidi bado wako hai, kisha akampa nduguye mkono, huyo amefika pahala mtoto hajafika. Kuna kubaleghe kwa mwili na kuna kubaleghe kwa roho, na wengi tumeota mvi tukiwa na kule kwa mwili tu.

Na huu ni msiba wa wanadamu wote. Mwezi tuliokesha kuungoja jana, binadamu aliukanyaga tangu 1969. Akili ya kufika huko anayo, ila ya kuwaacha watoto wa Gaza walale usiku hana. Ramadhani nzima wameifungia mahemani.

Basi kila mmoja wetu aanze na mlango anaoukwepa. Usimtumie ujumbe uliosambazwa kwa watu mia. Nenda, bisha hodi, kaa, kunywa kahawa yake. Kama aliyekosa ni yeye, tangulia wewe. Enyi mnaogombea nyumba ya marehemu mahakamani, marehemu yuko kaburini anangoja dua, na dua ya mtoto mwenye kinyongo na nduguye itapandaje? Tuliacha chakula cha halali mchana kutwa kwa ajili ya Mungu. Tushindwe kuacha kisasi? Tufungeni sitta, zile siku sita za Shawwal, na tuzifunge pamoja na ndimi zetu.

Mama tutamsomea hitma Jumapili baada ya alasiri, hapa hapa nyumbani. Mlio karibu karibuni, mlio mbali tunaomba Fatiha. Kullu am waantum bikhair.