Akasha kwa ndege, wa Nanyuki kwa makaratasi

Mhariri, salaam.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Majengo, redio ikawa yataja yule Mwingereza anayetakiwa kwa kesi ya binti wa Nanyuki aliyeuawa 2012. Kinyozi akazima mashine, kichwa changu kiko nusu, akaniuliza, "Mzee, Akasha si walibebwa tu wakapelekwa Marekani? Sasa huyu mzungu mbona abembelezwe?" Waliokuwa kwa benchi wote wakamuunga mkono. Na mimi nywele nusu, ningebishana vipi na mtu aliyeshika mashine? Ndio naandika.

Kwanza tukumbushane. Akasha, wale ndugu wawili wauza unga (heroini), na wenzao walishikwa Novemba 2014, kesi ya kuwapeleka Marekani ikawa kotini hapa Mombasa zaidi ya miaka miwili, tarehe baada ya tarehe. Halafu Januari 2017, kesi haijaisha, tukaamka tukasikia wako New York. Hakimu hakusema waende, serikali iliwatoa tu. Na unga wenyewe, kama kilo 99, ulikabidhiwa hapa hapa Kenya kwa watu waliokuwa wakifanya kazi na DEA, kikosi cha Marekani cha kupambana na mihadarati, wakijifanya wateja. Watu huuliza Marekani yaingiaje hapo. Sheria yao inasema ukiuza unga popote duniani ukijua mwisho wake ni kwao, basi kesi ni yao. Na koti zao tangu zamani hazijali sana umeletwaje, 1992 Mahakama ya Juu yao ilisema daktari wa Mexico aliyetekwa kwao akaletwa Texas anaweza kushtakiwa vile vile. Akasha wakakiri, mmoja miaka 25 mwengine 23, na mimi siwalilii hata kidogo manake huu mtaa wangu umezika vijana wengi kwa ule unga.

Lakini kinyozi wangu asichokiona ni kuwa mlango ule ule ulifunguliwa 2010 baada ya mabomu ya Kampala, Wakenya wakatiwa kwa magari wakavushwa mpaka hadi Uganda bila kuonyeshwa hakimu, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikaja kusema haikuwa halali, wakati huo mtu ashafika jela ya watu. Na 2024 Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, akanyakuliwa hapo Nairobi akaibukia koti ya kijeshi Kampala. Sasa njia hiyo kweli unaitaka?

Huyu mzungu wa kesi ya Nanyuki yuafuata njia yenyewe. Mahakama Kuu Nairobi ilitoa hati ya kumshika Septemba 2025. Kwa Uingereza ombi la Kenya hupitia kwa waziri, huenda kwa hakimu wa Westminster, London, hurudi kwa waziri, halafu mtu ana rufaa. Wataangalia je, kosa hilo ni kosa kwao pia (mauaji, hapo hakuna ubishi), na tutamshtaki kwa lile tuliloliomba tu ama tutamuongezea mengine akifika. Na kuna la kunyongwa. Sisi hatujanyonga mtu tangu 1987 lakini kwa kitabu adhabu bado ipo, na Waingereza hawatoi mtu mpaka waandikiwe kuwa hatanyongwa. Hiyo barua ni ya serikali yetu kuandika, si ya mzungu, ikichelewa tusimlaumu mtu wa London.

Njia hii ni ndefu, sikatai, na wenye pesa wanajua kuilalia. Vigogo wetu wawili, waziri wa zamani na aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme, waliombwa na Jersey 2011 wapelekwe kule kushtakiwa. Jersey ni kisiwa, ukikiweka kando ya Pemba hukioni. Ilifika Mahakama ya Juu yetu, ikaamuliwa 2021, na unajua ubishi ulikuwa wa nini? Si kama waliiba ama hawakuiba, ilikuwa ni nani mwenye ruhusa ya kuianzisha hiyo kesi, DPP (mkuu wa mashtaka) ama Mwanasheria Mkuu. Miaka 10 ya mawakili kwa hilo! Mtoto aliyezaliwa mwaka lile ombi lilipoingia alikuwa yuko darasa la nne.

Kwa hivyo hasira za kinyozi nazielewa, ila amezielekeza kwa hakimu wa Westminster na hapo ndipo tulipokosana. Nywele alimaliza. Upande wa kushoto hazikutoka sawa, na pesa yake nikalipa.

Msomaji wenu, Majengo, Mombasa