Salim, nyama ya taco haina siri

Mwanangu Salim,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, isipokuwa goti la baba yako. Nilisema nisikuandikie mpaka mitihani ipite, lakini tangu uliponiambia wamekupima presha hapo chuoni ikasoma 148 kwa 92, usingizi umenipaa. Unasema ni kahawa. Baba yako naye alisema ni kahawa, leo ana vidonge viwili asubuhi na kimoja usiku.

Nimeangalia akaunti. Usikasirike, jina langu limo. Mwezi wa tisa umenunua chakula cha dirishani, garini hata hushuki, mara 26. Mwezi una siku 30, Salim. Hela siijali. Naijali, lakini si ndiyo inayoninyima usingizi.

Halafu unaniambia kwenye simu, "Mama, ladha ile huwezi kuipata nyumbani, wana siri yao." Siri gani? Glen Bell, mwenye kuanzisha hiyo Taco Bell yako, alikuwa na kibanda cha hamburger San Bernardino, mkabala na mkahawa wa Wameksiko uitwao Mitla Cafe. Akawa anavuka barabara, anakula taco zao, ganda la mahindi lililokunjwa na nyama ndani, na kuangalia zinavyotengenezwa, hata mwaka 1962 akafungua Taco Bell ya kwanza kule Downey, California. Yeye mwenyewe aliiga. Na nyama hiyo unayoiita siri, kampuni ilitangaza mwaka 2011 kilichomo: asilimia 88 nyama ya ng'ombe, iliyobaki maji, viungo na vikorombwezo vingine, oti zikiwemo. Oti, mwanangu, zile ulizokuwa ukizisukuma pembeni ya meza kila asubuhi.

Mimi miaka minne nilisimama jikoni kwenye kampuni moja ya namna hiyo, unajua. Nyama ililetwa imeshapikwa, ndani ya mifuko. Kazi yangu kupasha mfuko, kuukata, kumimina. Aliyenifundisha kupika ni yule mama wa Piedras Negras tuliyekuwa naye zamu, mji wa Meksiko, aliyekuwa akituringia kwamba nacho, vile vipande vikavu vya mahindi vya kuyeyushiwa jibini, zimezaliwa mjini kwao, kwa mhudumu mmoja Ignacio Anaya, na Nacho ni kifupi cha Ignacio. Kweli alikuwa na haki ya kuringa.

Basi sikiliza. Ratili moja ya nyama ya kusaga, isiyo na mafuta mengi, na uinunue kwa Mwislamu kama yupo huko Lubbock. Usiitupe kikaangoni hivihivi. Itie kwenye bakuli ingali mbichi, pamoja na vijiko viwili vya kula vya oti ulizosaga kwenye blenda, kijiko kimoja cha kula cha ile pilipili ya unga ya Texas (si pilipili tupu, ndani mna uzile, kitunguu saumu na oregano), kijiko cha chai cha uzile tena, kitunguu cha unga kidogo na nusu kikombe cha maji. Kanda kwa mkono kama unakanda kababu, mpaka chembe za nyama zipotee na rojo lishike vidole. Ndipo uwashe moto mdogo, ukivunjavunja kwa mwiko. Oti zitanywa ule mchuzi, na nyama itatoka laini, haina mabonge, ileile unayoifuata dirishani.

Chumvi nusu kijiko cha chai, kwa ratili nzima. Kijiko kimoja cha chai ndicho kipimo cha mtu mzima kwa siku, na mkate na jibini vimeshakula sehemu yake. Zile pakiti za viungo vya taco usizinunue, soma nyuma yake uone. Hata hiyo pilipili ya unga tafuta isiyotiwa chumvi. Uzile nimekuwekea, wa maduka ya Hillcroft hapa Houston, kwenye chupa ya asali mfuko wa pembeni wa begi. Najua hujaufungua.

Maganda ya taco usijaribu kwa unga wa sembe. Nilijaribu, yakapasuka yote. Mahindi ya tortilla, ile chapati nyembamba ya Wameksiko, huchemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo maana donge lake linashikana. Nunua tortilla za mahindi, zipashe zilainike, zipake mafuta, uzitundike kwenye vyuma viwili vya wavu wa oveni, joto 375 za Farenhaiti, dakika nane au kumi. Zinaning'inia kama nguo kambani na kukauka hivyohivyo. Za ngano sikufundishi. Ni chapati isiyozungushwa wala kupakwa mafuta, na chapati zako zinashinda za Zuhura, ila usimwambie.

Najua nakugombeza. Na ule mfuko wa karatasi, saa saba ya usiku, nani alikuwa akiuleta nyumbani? Tulikuwa tunauziwa nusu bei. Ulikuwa unalala na viatu ukiusubiri. Haya, tuyaache.

Bibi yako Tanga nilimwambia umefaulu hesabu zote, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani. Anahitaji mabati kumi na mawili ya jikoni, tutatuma mwisho wa mwezi, wewe usichangie. Zuhura amehamia chumbani kwako, anasema ni kwa muda, lakini pazia amebadilisha. Gari libadilishe oili kabla hujashuka Houston Desemba.

Ijumaa kapime tena presha, asubuhi, bila kahawa. Nitumie picha ya namba. Maneno sitaki.

Na ukija, njoo na chuma changu cha chapati. Ulikichukua bila kuaga, na kama hukipikii taco, kirudi, baba yako anakula mkate wa dukani wiki ya sita sasa.

Mama yako